Naserian aliuza mtamba anunue jenereta ya kumshinda jirani

Saa saba na robo mchana, Jumamosi, na umeme upo. Taa ya kibandani inawaka, redio inaongea peke yake, mashine ya kutotolea vifaranga inavuma taratibu ukutani. Hakuna mtu Olmotonyi nzima mwenye sababu ya kuwasha jenereta saa hii.

Naserian Sakaya (46) anaiwasha. Anazungusha ufunguo, mashine inakohoa mara mbili, inatema moshi mweusi, kisha inanguruma hadi kuku wa mama mkwe wake wanakimbilia migombani. Anarudi nyuma hatua mbili, anafuta mikono kwenye kitenge na kutega sikio upande wa uzio.

Haipiti dakika. Ng'ambo ya michongoma inaitika jenereta nyingine, ndogo, inayolia kama cherehani.

"Huyo," anasema Naserian huku akibetua mdomo. "Yupo."

Anayesemwa ni Aika Romanus (39), jirani yake wa uzio mmoja na mwenzake wa kazi moja. Naserian anamwonea wivu, wala hajifichi. Mwandishi wa makala haya alipojaribu kulilainisha neno, akaandika "ushindani wa kibiashara" na kumsomea, alikatwa kauli.

"Ushindani ni wa mpira," alisema. "Mimi nilimwonea wivu. Andika wivu, na jina langu uliweke."

Basi limewekwa.

Kazi ya Naserian ni kutotolesha mayai ya watu. Wafugaji wa kuku wa kienyeji na chotara wanamletea mayai kwenye trei, kutoka Kisongo hadi Kikatiti, naye anayalaza kwenye mashine siku ishirini na moja. Analipwa shilingi mia tatu kwa yai. Mwezi mzuri anapata kama laki tatu. Mume wake, Lesian, ana ng'ombe na shamba la mahindi, lakini ada za watoto wawili zinatoka kwenye mayai.

Ameifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Alianza na boksi la mbao lenye taa mbili ndani, linalobeba mayai sitini. Sasa ana mashine ya mayai mia saba. Ukimpa yai la siku ya saba akalishika mbele ya tochi, atakuambia lina kiinitete au ni maji matupu kabla hujamaliza kuuliza.

Aika alihamia jirani miaka mitano iliyopita, akitokea Machame, mume wake akiwa mwalimu. Alikuwa hajui lolote kuhusu kutotolesha. Alikuja mlangoni kwa Naserian na sahani ya ndizi, akaomba afundishwe.

"Nilimfundisha mwenyewe," anasema Naserian. "Nilimkatia hata kile kikaratasi kigumu cha kuzibia tochi. Nikamwambia siku ya kumi na nane usigeuze tena mayai. Sasa ona."

Cha kuona ni kwamba miaka miwili baadaye mwanafunzi alikuwa na mashine yake, na juu ya mashine akanunua jenereta. Ilikuwa ya petroli, ya kuvuta kamba, ndogo kiasi cha kubebwa na watu wawili. Mwaka huo umeme ulikatika ovyo huko mlimani Olmotonyi. Naserian alipoteza mayai mia tatu na arobaini kwa mkupuo mmoja. Aika hakupoteza hata moja.

Wateja wana masikio. Elinipa, mfugaji wa Kisongo aliyekuwa akileta trei nane kila mwezi, alikuja kupokea vifaranga vyake, akapewa pole na trei za mayai yaliyooza. Hakugomba. Mwezi uliofuata pikipiki iliyombeba ilipita mbele ya geti la Naserian bila kupunguza mwendo, ikasimama geti la pili.

Hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, moyo ulianza kumchachuka. Jumamosi ndiyo siku ya wateja kuchukua vifaranga, na Naserian alikuwa akijipatia kazi ya kupalilia kando ya uzio ili awahesabu. Aliacha kuazima chumvi kwa Aika. Alipomsikia akicheka na wateja, aliongeza sauti ya redio. Wote wawili wanaimba kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri, na mwaka huohuo mwalimu wa kwaya alimpa Aika kuongoza sauti ya kwanza.

"Sauti yenyewe nyembamba," anasema Naserian. "Na mtoto wake anaitwa Princess. Kila mtu hapa ni Mama Princess, Mama Princess. Mimi ni Mama Eliya tu, nani atageuka?"

Mwaka jana mwanzoni aliamua naye atanunua jenereta. Alishuka mjini, karibu na soko la Kilombero, kumwona Philemoni, fundi wa majenereta ambaye amefungua na kufunga mashine hizo kwa miaka ishirini. Philemoni anakumbuka siku ile vizuri, kwa sababu mteja hakutaka kusikia.

Fundi huyo ana mtindo wake. Hakuulizi una pesa kiasi gani. Anakuuliza unataka kuwasha nini. Naserian alitaja mashine ya kutotolea, taa tatu, redio na simu. Philemoni akamwambia mzigo huo wote haufiki hata nguvu ya KVA moja na nusu, na hata akitoa nguvu inayopungua kwa sababu ya mwinuko wa Olmotonyi, ambako hewa ni nyepesi na injini inapumua kwa shida, KVA mbili na nusu zinamtosha na kubaki.

Kisha akamweleza habari ya mafuta. Petroli inawaka haraka hata asubuhi ya baridi, mashine yake ni rahisi kununua, ila mafuta ni ghali kwa saa na hayakai. Ukiyaweka kwenye dumu miezi mingi yanachakaa, na dumu lenyewe ni hatari ndani ya nyumba. Dizeli inakula kidogo na injini inadumu, lakini ni kwa mtu mwenye kazi kubwa.

"Dizeli inataka mzigo," anasema Philemoni. "Ukiipa taa tatu na mayai, haipati joto la kutosha. Inavuta moshi, inajiziba. Nilimwambia hivyo huyo mama. Akaniuliza ipi inalia zaidi."

Naserian hakatai kuwa aliuliza hivyo.

Akiwa anarudi nyumbani akamkuta Aika njiani, na Aika, aliyesikia kwa watu kuwa mwenzake anatafuta jenereta, akampa ushauri bila kuombwa. Alimwambia achukue ya petroli, ya kuvuta kamba, kwa sababu dizeli ya kuwasha kwa betri itamsumbua Julai, baridi ikiingia.

Ushauri ulikuwa sahihi. Na kwa kuwa umetoka kwa Aika, ndio uliomaliza kila kitu.

"Nilijiambia, anataka niwe na kidogo kama chake," anasema Naserian. "Au kidogo kuliko chake. Angeniambia chukua dizeli, ningenunua petroli. Sisemi uongo, ndivyo nilivyokuwa."

Jenereta ya dizeli ya KVA tano iligharimu milioni mbili na laki sita. Ya petroli aliyoonyeshwa na Philemoni ilikuwa laki saba. Tofauti hiyo ilikuwa na miguu minne. Alimwomba Lesian auze mtamba, ndama jike aliyekuwa ametunzwa miaka miwili akisubiriwa kupandishwa. Kwa Mwarusha kuuza mtamba ni jambo la kujadiliwa na ukoo. Siku ya nne Lesian akamfungua na kumpeleka mnadani. Aliporudi alimkabidhi mke wake fedha na kwenda kulala bila kula.

Jenereta ilifika Jumamosi, na haikuwa bahati mbaya. Dereva wa pikapu alitaka kuingiza gari ndani. Naserian akamwambia ashushie nje ya geti, watu wapite waione.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Jumamosi saa saba na robo, wateja wa Aika wakiwa wamejaa getini kwake na maboksi ya vifaranga, Naserian aliwasha dizeli yake. Iungurume dakika tano, kila mtu ageuze shingo, aizime. Haikuwa na kazi yoyote. Umeme ulikuwepo. Alikuwa akitangaza.

Na tangazo lilifanya kazi. Elinipa alirudi na trei zake nane. Akaja na wenzake wawili wa kikundi chao cha akina mama. Kufikia Juni mashine ilikuwa imejaa.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya Julai.

Upepo ulivuma tangu alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, na saa moja asubuhi mti ukaangukia nguzo ya umeme barabarani. Ndani ya mashine ya Naserian kulikuwa na mayai mia sita na kumi na mawili, siku ya kumi na tisa. Siku hiyo kifaranga kiko tayari kamili ndani ya ganda, kinakaribia kudonoa. Kinataka joto lilelile la nyuzi thelathini na saba na nusu. Nje ilikuwa kumi na moja.

Hakuwa na wasiwasi. Alivaa koti, akaenda kwenye dizeli, akazungusha ufunguo.

Ikalia tik. Akazungusha tena. Tik. Mara ya tatu hata tik haikusikika.

Philemoni alikuja baadaye kueleza kilichotokea, na maelezo yake yanauma. Betri ilikuwa imeisha, na aliyeimaliza ni Naserian mwenyewe. Kila kuwasha injini ya dizeli kunakula betri kwa wingi, na injini inahitaji kuzunguka muda mrefu ili kuirudishia. Dakika tano za kila Jumamosi hazirudishi kitu. Mchana wa jua, injini ikiwa na joto kidogo, betri ilijikaza. Asubuhi ya Julai, mafuta ya injini yamekuwa mazito, haikuweza. Miezi mitano alikuwa akiila betri yake ili watu wasikie.

Wakati huo hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba kipimajoto kimeshuka hadi thelathini na tatu, na kwamba ng'ambo ya uzio kile kicherehani kilikuwa kimeshawaka.

"Niliisikia," anasema. "Nikakaa chini kwenye ndoo. Sikulia kwa ajili ya mayai. Nililia kwa sababu yake ilikuwa inalia."

Hazikupita dakika kumi, Aika akasimama getini, miguuni mabuti ya mvua, kichwani kilemba cha kulalia. Akauliza mbona hajawasha. Naserian akainuka kwenye ndoo, akakung'uta kitenge.

"Nitawasha nikitaka," alimjibu.

Aika hakubishana. Aliuliza mayai ni ya siku ya ngapi, akaambiwa kumi na tisa. Akaingia kibandani bila kukaribishwa, akaanza kutungua blanketi lililokuwa mlangoni na kulikunjulia juu ya trei ya kwanza.

Walibeba trei moja moja, wamezifunika kwa mashuka mekundu ya Lesian, wakipita kwenye tundu la uzio ambalo mbuzi walikuwa wamelitoboa na ambalo Naserian alikuwa ameapa kuliziba. Safari kumi na tatu. Hawakusemezana zaidi ya "taratibu" na "angalia hapo". Saa mbili na nusu mayai yote yalikuwa ndani ya mashine ya Aika, na kipimajoto kikaanza kupanda.

Umeme ulirudi siku ya tatu jioni. Kwa mayai yale mia sita na kumi na mawili, vifaranga mia tano na arobaini na moja vilitoka wima.

Mwandishi alimuuliza Aika alijuaje. Ni mwanamke mpole, anayeongea huku akifanya kazi, na hakuacha kupanga mayai alipojibu.

"Kila Jumamosi naisikia ile ngurumo," alisema. "Wateja wangu walikuwa wanacheka, mimi nasema sawa, mwenzangu yuko salama. Siku ile nikawasha yangu, nikaenda uzioni nikasikiliza. Kimya. Mama Eliya hawezi kukaa kimya na ile mashine. Nikajua imegoma."

Kwa hiyo zile ngurumo za majivuno, zilizoimaliza betri, ndizo zilizomwita mtu. Naserian ameshaelezwa jambo hilo na kila mtu, pamoja na mchungaji. Halimfariji.

Lipo lingine alilolijua wiki mbili baadaye, na kwa mdomo wa Princess, binti wa Aika mwenye miaka minane. Mashine ya Aika haikuwa tupu siku ile. Ilikuwa na mayai tisini ya Aika mwenyewe, ya siku ya tano. Aliyatoa ili ya Naserian yaingie, akayaweka kwenye boksi lenye chupa za maji ya moto. Hakutoka hata kifaranga kimoja. Na hakusema.

Wala hakuishia hapo. Jumamosi ile wateja wa Naserian ilibidi wachukue vifaranga vyao getini kwa Aika, jambo ambalo kwa Naserian lilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Alipofika pale, alikuta kiti kimewekwa getini. Aika akamwambia akae, awagawie watu wake mwenyewe. Kisha akaingia ndani kupika chai, na hakutoka mpaka mteja wa mwisho alipoondoka.

Ukimuuliza Naserian kama siku ile wivu uliisha, anakutazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto.

"Uliongezeka," anasema. "Kwanza alinishinda jenereta. Akanishinda sauti ya kwanza. Sasa na wema amenishinda. Nitamlipa nini mtu wa hivyo? Nikimpelekea maziwa, anashukuru. Nikimpa vifaranga tisini, anachukua ishirini. Hanipi hata nafasi."

Betri mpya ilinunuliwa. Kwa amri ya Philemoni dizeli sasa inawashwa kila Jumamosi kwa dakika arobaini, ikiwa imebebeshwa mashine, pasi na hita ya maji, ili ipate jasho. Na wanawake hao wawili wamewekeana utaratibu. Saa saba na robo, Naserian anawasha, Aika anaitika. Atakayekosa kusikia jirani yake, avae mabuti aende.

Hata hivyo Naserian anachagua upya, na safari hii anachagua akiwa na akili zake. Dizeli ataiuza kwa fundi wa kuchomelea aliyeko Kikatiti, mwenye mzigo wa kuishibisha. Kwa fedha hizo atanunua ya petroli, KVA tatu, ya kuvuta kamba; salio amemwahidi Lesian la mtamba mwingine. Lakini haiwi ya petroli tu.

Nyuma ya zizi lake lipo shimo la gesi ya samadi. Mama mkwe wake alilijengesha akiwa bado na nguvu, na kwa miaka mingi ng'ombe wanne wa maziwa wamekuwa wakilisha jiko la nyumba nzima. Philemoni anasema injini ya petroli inaweza kurekebishwa ili itumie gesi hiyo, mradi ipitishwe kwanza kwenye chujio la steliwaya, ile ya kusugulia sufuria, kwa maana ule uvundo wake unakula chuma. Nguvu itapungua karibu nusu. Ndiyo maana ya KVA tatu badala ya mbili na nusu. Gesi ya siku moja itaendesha mashine ya mayai kwa saa nne au tano, na ikiisha anafungulia petroli.

"Shimo lilikuwa hapo siku zote," anasema fundi. "Alipokuja mara ya kwanza ningeuliza kama ana ng'ombe, tungemaliza siku ileile. Kosa la kutouliza ni langu."

Bado zinatakiwa kama laki tatu, za chujio, mabomba na mfuko wa kuhifadhia gesi. Naserian anatarajia kuzipata kabla ya mvua za masika. Alipompeleka Aika kuliona shimo, Aika alisimama pale muda mrefu, mikono kiunoni, akauliza ng'ombe wangapi wanatosha, na kama wawili hawawezi. Yeye hana hata mmoja. Gesi ya kupikia ananunua kwa mtungi.

"Nilimwona uso," anasema Naserian, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Usiku ule nililala usingizi wa mtoto."

Kisha cheko linaisha, kwa sababu Aika aliuliza na jambo jingine. Aliuliza kama hiyo ya gesi itasikika mpaka kwake.

Mwandishi alirudi Olmotonyi Jumamosi iliyofuata. Saa saba na robo dizeli ilinguruma, kuku wakakimbia, na Naserian akaketi kwenye ndoo yake na kikombe cha chai, sikio uzioni.

Dakika moja ikapita. Ya pili. Akaweka kikombe chini. Ya tatu akawa ameshavaa mabuti, amechukua blanketi lililo mlangoni, amefika kwenye tundu la mbuzi na kuinamisha kichwa apite. Uso ulikuwa unang'aa.

Hapo kicherehani kikalia.

Alibaki ameinama kidogo, nusu ya mwili upande wa pili. Kisha akarudi, akalitundika blanketi mahali pake, akaketi na kuchukua chai iliyoanza kupoa.

"Simwombei mabaya," alisema bila kuulizwa. "Nataka tu mara moja igome, na mimi nimbebee." Akanywa. "Ipo siku."